Walianza na Miti

Siku mafundi wa manispaa walipomaliza kupanda matete kwenye shimo refu walilochimba mbele ya nyumba, mtaa mzima ulitoka kutazama, na hakuna hata mmoja aliyesema asante. Watu walisimama wamefunga mikono kifuani, kama wenyeji wanaomwangalia mgeni akishusha mizigo bila kusema atakaa siku ngapi. Ubavuni mwa shimo, kwenye ukingo wa saruji wa barabara, palikuwa pamekatwa pengo la upana wa ndoo, ili maji ya mvua yaingie humo badala ya kuingia majumbani. Ndivyo walivyoambiwa. Bustani ya mvua, eti.

"Mvua ina bustani tangu lini?" kinyozi aliuliza. "Miaka yote tumefurika humu, hakuna aliyetuletea hata ndoo. Leo wametukumbuka kwa majani?"

"Labda wametuonea huruma," fundi viatu alisema.

"Huruma ya paka kwa panya hiyo!"

Watu wakacheka. Mama Cherehani, mshonaji wa sare za shule, hakucheka. Yeye alihamia mtaa huu akitokea bondeni, upande wa pili wa mji, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kule bondeni walianza na miti. Miti mizuri, haimnyimi mtu kivuli. Yakafuata mabenchi, zikafuata taa, wakafuata watu wa kupiga picha, na mwisho zikaja alama nyekundu ukutani. Miti ilibaki palepale, wao ndio waliong'olewa. Marehemu mumewe hakuwahi kupata usingizi wa maana tangu siku ile, na nyumba hii ndiyo kitu pekee alichomwachia.

Tena kulikuwa na jambo lililomchoma zaidi. Aliyesimamia uchimbaji huo alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, kijana mpole ambaye akimwamkia huinamisha macho mpaka unadhani amepoteza sindano sakafuni. Kila jirani alimuuliza: mkwe wako amesemaje? Angemuuliza vipi? Mkwe hahojiwi kama mwizi. Akapitia mlango wa nyuma, akamtuma binti yake.

"Muulize mumeo, hayo matete ni ya nini?"

"Ya mvua, mama."

"Na mvua ikiisha?"

"Mama, jamani!" Binti akacheka, lakini mama mtu alikiona kicheko kifupi kuliko kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, kisha akajionea aibu kwa kuwaza hivyo juu ya mtoto wake mwenyewe.

Wiki ile akapita mwanamke mwenye viatu vya bei, akiongozana na mwanamume wa kamera. Wakaipiga picha bustani, kisha yule mwanamke akasema, "Hapa patapendeza sana." Mama Cherehani alimsikia kutokea dirishani, pini zikiwa mdomoni. Patapendeza kwa nani? Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma, na alipomaliza kuwaza alikuwa amepata jibu lake. Mtaa mbaya hautamaniwi na mtu. Uchafu wao na madimbwi yao ndiyo ngao iliyowalinda miaka yote. Matete yakifa kwa kiu, wenye kamera watakwenda kupenda kwingine.

Jumapili mchana, mtaa ulipolala kwa joto, alijaza kiroba mabaki ya vitambaa, akakishindilia kwenye lile pengo kwa kisigino na kukifunika kwa udongo. Akarudi ndani akanawa mikono. Hakujuta.

Mvua ilipokuja, haikuja kwa utani. Maji yaliteremka na barabara, yakafika kwenye pengo, yakakosa mlango, yakageukia nyumba iliyo chini kuliko zote, ya fundi viatu. Mkewe akatoka mbio amejitwika godoro. Nyuma yake vilikuja viatu vya wateja, vikielea kimoja kimoja, kila kimoja kikitafuta mwenzake. Mama Cherehani alisimama mlangoni pake, miguu mikavu.

Mkwe alifika amekunja suruali. Hakuuliza mtu. Alipiga magoti kwenye pengo, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta. Kiroba kikachanika, vikamwagika vipande vya kitambaa cha sketi, bluu iliyokolea, na kola nyeupe zilizokosewa. Nani mwingine alishona sare mtaani? Kijana akavitazama, kisha akainua macho na kumtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake.

"Nini kimeziba?" kinyozi alipaza sauti kutoka barazani.

"Takataka," mkwe alijibu. "Mvua imezikokota." Akavikusanya vile vipande upesi, akavificha ndani ya koti. Maji yakaanza kuingia bustanini kwa mkoromo.

Aibu ilimpanda Mama Cherehani mpaka masikioni. Akamwita mkwe chini ya upenu.

"Mwanangu, ni mimi niliyeziba."

"Najua, mama."

Akapiga moyo konde. Heshima ya ukwe na ingoje kidogo. "Basi niambie. Watatuondoa?"

"Nimeambiwa nichimbe mahali pa kuingia maji. Nimechimba, na umeona yanaingia."

"Sikuulizi habari za maji."

Kijana akajifuta uso kwa kiganja, ingawa kiganja chenyewe kilikuwa kimelowa. "Niliuliza kazini. Wakasema hilo si la idara yetu. Nikauliza ni la idara ipi, wakacheka. Sijui, mama. Haki ya Mungu, sijui."

Aliutafuta uongo machoni mwake, akaukosa. Akachukua ufagio, akaenda kwa fundi viatu, akaanza kusukuma maji nje. Aliposema, alisema bila kuinua kichwa: "Kiroba kilikuwa changu. Nilitaka pabaki pabaya, watuache." Fundi viatu alisimama na kiatu mkononi, kinamdondokea maji.

Kinyozi akachungulia mlangoni. "Nimekuona unaongea na mkweo. Kasemaje?"

"Kasema hajui."

"Na wewe umemwamini?"

"Nimemwamini," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Fundi viatu akakiweka kiatu juu ya meza, akatafuta ufagio wa pili.