Mama, Usiitikie

Zamani hizo mashine ya kukoboa ilikuwa bado haijafika kijijini Mvumi, na Penina alitwanga uwele kila jioni huku bintiye Loisi akianzisha wimbo. Mwenye mchi hana pumzi za kuanzisha, kwa hiyo nyumbani kwao mtoto ndiye aliyeanzisha na mama akaitikia. Loisi alikuwa akikaa juu ya kinu kilichopasuka, kimepinduliwa, miguu yake haigusi chini, na kisauti chake kinavuka ua mpaka kwa Devota, jirani yao. Penina hakuchelewa kumwitikia hata siku moja. Kutoitikia wimbo wa mtu ni kumwambia huna habari naye. Wanawake wa pale wakigombana kisimani, usingehitaji kuuliza, ungeona tu mmoja anaanzisha na mwenzake anatazama pembeni.

Siku hizo Penina anazikumbuka mpaka harufu ya pumba. Laiti angejua zitaisha, asingekuwa anaharakisha kumaliza kutwanga.

Sauti ile ilimpeleka Loisi kwenye kwaya ya kanisa, na huko ndiko mwalimu Anthony alikomsikia. Anthony alifundisha muziki mjini Dodoma, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, naye akasema sauti kama hiyo haifai kufichwa katikati ya nyingine. Akamfundisha nyimbo za Kilatini na za Kijerumani, zile za kusimama peke yako, mikono imetulia, piano inakusindikiza. Penina hakuelewa hata neno moja, ila alifurahi kwamba mwanawe amepata mtu wa kumthamini.

Balaa lilitokea kwenye mashindano ya kwanza ya Loisi. Katikati ya wimbo Loisi alinyamaza, na piano nayo ikanyamaza. Palikuwa mahali pa kunyamaza, ndivyo wimbo ulivyotungwa, lakini nani alimwambia Penina? Yeye aliona mtoto wake amesimama mbele za watu, ameita, na ukumbi mzima umemkaushia. Damu ilimchemka. Akaitikia kwa sauti ileile ya kinuni, ya kushindana na mchi. Watu waligeuka, halafu wakacheka. Loisi akapotea njia ndani ya wimbo wake mwenyewe, na ushindi ukaenda kwa mwingine.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Loisi hakugomba. Afadhali angegomba. Alimshika mama yake mkono akasema, "Mama, siku nyingine nikiimba, usiitikie." Penina akajibu sawa, na hiyo sawa ilimkaa kooni miaka yote ambayo Loisi alikuwa Dar es Salaam akisomea muziki.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Loisi alirudi Dodoma kufanya onyesho lake la kwanza lenye bango la jina lake tu. Penina hakuhofia kitu kingine zaidi ya mdomo wake. Aliwekwa mstari wa mbele, kati ya wafanyakazi wa wizarani waliotoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, na nguo zao za kazini, akashika pindo la kitenge akalibana kwenye midomo. Loisi aliimba, na kila alipotua, mama aliuma pindo. Sauti ilikuwa imekomaa, imeujaza ukumbi, na Penina alijivuna mpaka machozi yakamlenga. Hata hivyo alikuwa akimtafuta humo mtoto wa kinuni, na hakumpata.

Watu waliomba wimbo mmoja zaidi. Mwalimu Anthony akafunika piano yake akaenda kukaa. Loisi akasogea mbele, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wa kutwanga, uleule wa Kigogo wa uani kwao. Kisha akanyamaza, akimtazama mama yake.

Penina aliijua sehemu yake, ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameahidi, na safari iliyopita pia alidhani anaitwa. Akauma kitenge. Loisi akaanzisha tena, polepole zaidi, akangoja. Ukumbi ulikuwa umetulia kwa adabu zote. Mwishowe Loisi akajiitikia mwenyewe, akaendelea hivyo hadi mwisho, anaita na kujijibu kama mtoto aliyekosa wa kucheza naye. Watu walisimama kumpigia makofi. Penina hakuweza kusimama.

Asubuhi yake, kule Mvumi, Loisi alimwamkia mama yake.

"Jana nilikuachia nafasi yako, mama," alisema. "Wewe tu."

"Uliniambia nisiitikie."

Lile neno la njiani Loisi alikwisha kulisahau, na mama yake alikuwa amelitunza kama kiapo.

Loisi alikwenda akaukokota mchi kutoka pembeni ya jiko, akauinua juu ya kinu na kuanza kutwanga, vibaya, uwele ukiruka nje. Penina alimtazama. Kisha akakaa juu ya kile kinu kilichopasuka, yeye ambaye uani pale hakuwahi kuanzisha wimbo hata mara moja, akasafisha koo na kuanzisha. Sauti yake ilitoka nyembamba, inakwaruza. Loisi akaitikia kabla mama yake hajamaliza mstari.