Shuka la Saa Nne

Mpigapicha alitumwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, apige picha ya mashine mpya kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Alikwenda shingo upande. Kwake yeye, picha nzuri ilitaka kitu cha maana mbele ya kamera: bingwa na kombe lake, bibi harusi, mlima. Sasa mashine ya kufulia jamani! Aliizunguka mara tatu, akapiga picha kumi na moja, na zote zikatoka sanduku la bati.

Mfuaji mkuu, mama mnene mwenye vidole vilivyonyauka kwa maji, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, hata ukiibembeleza haitacheka hiyo."

"Nifanyeje, mama?"

"Kaa pale." Alimwonyesha ndoo iliyopinduliwa kando ya mfereji. "Hapo ndipo ninapopumzikia. Ngoja saa nne ifike."

Akakaa, suruali ikalowa. Kutoka kule chini, mashine ilibaki kipande tu pembeni. Mbele yake palikuwa na sakafu yenye maji na dirisha refu. Mfuaji na mwenzake mwembamba walishika shuka, kila mmoja ncha zake, wakarudi kinyumenyume na kulikung'uta.

Jua likaingia. Shuka likatuna, likajaa mwanga, na kivuli cha mfuaji kikasimama ndani yake, kikubwa ajabu, mikono wazi. Chini, kwenye maji, kilisimama kingine, kichwa chini. Mpigapicha alisahau kupumua. Alijisogeza shibiri moja kushoto, vivuli vikakutana miguu, akabonyeza. Mara moja tu.

"Haya, umepata?" mfuaji aliuliza.

Akawaonyesha. Wanawake wawili waliinamia kamera, vipaji vya nyuso vikigusana.

"Uso wangu uko wapi?"

"Hebu nyamaza," mwenzake alinong'ona. "Mkono huo naujua. Tumevutana mashuka miaka kumi na miwili."

Mfuaji alijifuta mikono kwenye aproni, mara mbili, ndipo akathubutu kuishika kamera. "Kumbe hivi ndivyo tunavyofanya," alisema polepole. "Kila siku."

Alasiri, mkubwa wa mpigapicha alipoonyeshwa picha aliuliza mashine iko wapi. Hakungoja jibu. Alivuta kiti, akaketi, akaitazama ile picha mpaka chai ikapoa.