Moshi Uliogoma Katikati ya Picha

Katika studio ile hakukuwa na mtu mwenye macho makali kunishinda, na sijisifu. Nililipwa kwa ajili ya macho hayo. Filamu hupigwa vipande vipande, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kipande cha leo kinafanana na cha jana. Mwigizaji akishika kikombe kwa mkono wa kushoto Jumatatu, halafu Alhamisi akakishika kwa wa kulia, mimi ndiye niliyepiga kelele, na daftari langu nimelifungua ukurasa wenyewe. Walinichukia kwa hilo. Kwa hiyo mkisikia kwamba kosa kubwa kuliko yote yaliyofanyika pale mwaka ule wa 1964 lilikuwa langu mimi, Kuan Hsiu-chin, chekeni tu. Mganga hajigangi.

Mwongozaji wetu alikuwa Yen Po-han, mtu mwembamba, mlafi wa tambi. Waongozaji wengine wa Hong Kong walitengeneza mizuka ya kutisha. Mizuka ya Yen ilipatwa na mafua, ilipotea njia, iligombana na wakwe. Safari hii alikuwa na bibi harusi mzuka anayetaka kuolewa na mwanafunzi aliye hai, mjinga wa kutupwa. Kabla ya harusi anavua kichwa chake ili akichane nywele vizuri, anakiweka mezani, na kichwa kinagoma kurudi. "Wewe mwili ndiye uliyempenda," kinasema. "Mimi nina macho. Nimemwona."

Filamu nzima ilisimama juu ya kichwa hicho, na kichwa kilikuwa mikononi mwa Fundi Luo.

Luo Ting-kuei alikuwa fundi wetu wa viini macho. Alitoka Shanghai na sanduku moja la lenzi na maneno makali yasiyohesabika. Alikuwa na kibanda chake nyuma ya studio, na humo alirusha watu angani, aliwapitisha ukutani, aliwageuza mbweha. Wiki ile Bosi Tso, mwenye studio, aliingia kibandani bila kubisha hodi. Mimi nilikuwepo, nakunywa chai.

"Fundi, Jumatatu ya mwisho wa mwezi nina wageni kutoka Tokyo," alisema. "Wana mashine ya kufanya mambo yako yote. Kichwa hiki kikitoka vizuri, tutazungumza. Kikiharibika, kibanda nakifanya stoo ya rangi."

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nne, Bosi."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Mwingine ningemtumia karani."

Kiini macho chenyewe kilikuwa hivi. Unaziba nusu ya kulia ya lenzi kwa kadi nyeusi, unapiga picha ya mwili upande wa kushoto: mwigizaji amekaa kitini, kichwani kavikwa mfuko wa mahameli nyeusi, nyuma yake pazia la mahameli nyeusi, basi kichwa hakionekani. Kisha unaurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, unahamisha kadi upande wa pili, unapiga tena juu ya mkanda uleule. Sasa mwigizaji huyohuyo yuko chini ya meza upande wa kulia, kichwa tu kimechomoza kwenye tundu. Ukikosea hesabu wakati wa kurudisha mkanda, kichwa kitajibu kabla ya kuulizwa. Luo alihesabu kwa kugonga vibao viwili vya mianzi, kama wapiga vibao wa opera, na sijawahi kumwona akikosea.

Hakuomba mungu yeyote. Kila filamu kwetu ilianza kwa nguruwe wa kuchoma, kamera imefunikwa kitambaa chekundu, na watu wote, kuanzia Bosi hadi mfagizi, tumeshika vijiti vya udi na kuinama mara tatu. Luo alisimama pembeni akibwia karanga. "Nikosee hesabu halafu nimsingizie mungu?" alisema. "Mungu wangu ni hesabu."

Siku ya kichwa, nusu ya kwanza ilipigwa asubuhi, safi kabisa. Mchana tukapumzika, na ndipo nikamwona Luo amekaa kwenye ngazi na bakuli la uji wa wali, na uji unamwagika. Kijiko kilikuwa kinakosa mdomo. Nilimpenda mzee yule kama baba, na moyo uliniuma. Nikachukua kopo tupu la maziwa, nikalijaza mchele, nikachomeka vijiti vitatu vya udi, nikaviwasha na kuvificha nyuma ya ukuta wa mbao wa mandhari, karibu na meza ya kichwa. Nikainama mara tatu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mimi, mwenye daftari!

Wakarudi kazini. Su Wan-ju, mwigizaji wetu, akaingia chini ya meza.

"Fundi, fanya haraka, mgongo unakatika!"

"Kichwa hakina mgongo," alisema Luo. "Nyamaza."

Vibao vikalia, taa ya bluu ya kizuka ikawaka kutoka nyuma, Wan-ju akatukana mwili usiokuwepo kwa ufundi hata watu wa taa wakauma ndimi zao wasicheke. Luo alipogonga kibao cha mwisho, wote tukapiga makofi. Jioni ileile mafundi seremala wakavunja chumba cha bibi harusi, wakakigeuza mkahawa wa filamu nyingine. Kesho yake Wan-ju akaruka kwenda Taipei. Mkanda ukapelekwa ng'ambo kusafishwa, maana wa rangi hatukuweza kuusafisha wenyewe, ukarudi baada ya siku tisa.

Tukakaa kwenye chumba kidogo cha kutazamia. Kichwa kilikuwa mezani, mwili kitini, na hesabu ilikuwa sawa kabisa. Kichwa kilifoka, mwili ukafinya leso kwa aibu. Bosi Tso alicheka. Luo akashusha pumzi.

Kisha moshi ukatokea. Ulikuwa mwembamba, wa bluu, mzuri jamani. Nilipokuwa pale sikuuona, lakini ile taa ya nyuma iliuona. Ulipita karibu na sikio la kichwa, ukatambaa taratibu kuelekea kwa mwili, na ulipofika katikati ya picha ukaisha. Ulikatika wima, kama muwa uliopigwa panga. Upande wa kichwa moshi, upande wa mwili hewa tupu. Hata mtoto angejua kwamba picha zile ni mbili zilizounganishwa.

Sikuhitaji kufungua daftari. Nililikumbuka lile kopo la maziwa.

"Fundi Luo," alisema Bosi Tso polepole, "huu moshi umegonga ukuta gani?"

"Mimi sikuwasha moshi."

"Basi umewashwa na marehemu. Kichwa kitolewe chote, na Jumatatu nawasubiri wageni wangu."

Luo alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Kamera ilikuwa yangu," alisema. "Lawama ni yangu." Akatoka. Na mimi nilinyamaza. Nimefanya mambo mengi maishani, lakini ukimya ule wa chumbani ndio unaonitia haya hadi leo.

Nilivumilia nusu saa, kisha nikapiga moyo konde, nikamfuata kibandani. Alikuwa anakunja mahameli.

"Fundi, ni mimi. Nilikuwashia udi nyuma ya ukuta."

Aligeuka. "Wewe? Wewe uliyesimamisha kazi siku nzima kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati?"

"Uji ulikuwa unakumwagikia. Nilikuombea."

"Umeniombea ukaniua, binti."

Nililia. Sikujaribu hata kujificha. Alikaa juu ya sanduku lake la lenzi, hasira zikampungua, akabaki mzee tu.

"Haya, uliomba nini hasa?"

"Kwamba kichwa kifike salama."

"Basi kimefika," alisema, akacheka kicheko kikavu. "Kimefika, na udi wake kimechomewa. Hata bibi yangu kaburini hajachomewa udi mwaka huu."

Nikaacha kulia. Udi wake! Kila mtu wa kwetu anajua kwamba wafu hula kwa kunusa. Ndiyo maana tunawachomea. Na pale palikuwa na marehemu mmoja mwenye vipande viwili, na pua ilikuwa kwenye kipande kimoja tu.

Nilikimbia. Yen alikuwa anakula, kama kawaida yake.

"Kaka Yen! Mwili hauna pua!"

Tambi zikabaki zinaning'inia mdomoni. "Dada, umelala kweli jana?"

"Moshi ni udi. Udi ni chakula cha wafu. Haufiki kwa mwili kwa sababu mwili hauna pua ya kuunusa! Kichwa kinaula peke yake!"

Alimeza. Akaniangalia, akaangalia dari, akaanza kutikisika mabega. "Mchoyo," alinong'ona. "Kichwa ni kichoyo! Ee mbingu, mbona hili sikuliandika tangu mwanzo!"

Na hapa utamu wa kazi yetu. Filamu zetu zilipigwa bila sauti, sauti ikaingizwa baadaye. Wan-ju alizaliwa kusini na Kimandarini chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo kila alipofungua mdomo kwenye filamu aliyesikika alikuwa Mama Pai, mama mnene wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti ya msichana wa kumi na saba. Midomo ya kichwa ilikuwa tayari inacheza pale moshi ulipokatika. Ilibaki kukipa maneno mengine. Daftari langu lilijua mdomo ule ulifunguka mara ngapi, wapi ulibana na wapi ulipanuka. Yen akaandika, mimi nikahesabu, akafuta, akaandika tena, mpaka ikaenea. Mama Pai aliweka pembeni mfuko wake wa njugu, akasoma mstari mara moja, akacheka mpaka akaombwa atoke nje akanywe maji.

Tulipomwonyesha, Bosi Tso hakucheka. "Muda wa kupiga kipande kingine sina, na sinema zimeshabandika mabango," alisema. "Haya, kiacheni. Mkizomewa, mimi simo."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, upande wa Kowloon. Luo alikataa kuja. Nilimwambia kama haji nitabeba kamera yake kichwani hadi mlangoni na kupiga kelele barabarani kwamba nimeiba. Akaja, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Ukumbi ulijaa: wake za wafanyabiashara, vibibi, wapishi waliotoroka kazini, wote wanatafuna mbegu za tikiti na kutema maganda sakafuni.

Kichwa kikatokea. Mbegu zikaacha kulia. Pembeni yangu vidole vya Luo vilikuwa vinagonga goti, vinahesabu mkanda. Moshi ukaja, ukatambaa, ukakatika.

"Ee!" alisema mama mmoja mbele yetu, kwa sauti. "Moshi umekwama!"

Nilitamani ardhi inimeze. Ukumbi wote ulikuwa unatazama kosa langu, kubwa kama nyumba. Kisha kichwa kikageuza macho, kikautazama mwili wake, na sauti ya Mama Pai ikasema kwa dharau:

"Unatolea macho nini? Udi ni wangu! Wewe huna hata pua, utanusa kwa goti?"

Sijapata kusikia kelele kama ile. Ukumbi ulipasuka. Mama wa mbele alimpiga mwenzake paja mpaka mwenzake akahama kiti. Kibibi mmoja alisimama, akakinyooshea kichwa kidole, akapiga yowe, "Mnyime! Mnyime huyo!" Mpishi mwenye aproni alipaliwa na mbegu, wakampiga mgongoni huku wakicheka. Mistari sita iliyofuata haikusikika kabisa, na hakuna aliyejali. Wakati mwili, maskini, ulipofinya leso yake, wakacheka upya, wengine wakauonea huruma: "Jamani mpe kidogo!"

Nilimgeukia Luo. Hakuwa anacheka. Vidole vyake vilikuwa vimetulia gotini, na machozi yalikuwa yanateremka chini ya kofia. Alikuwa amepoteza hesabu.

Jumatatu wageni wa Tokyo walikuja, watu watatu wa heshima, wenye suti. Walikuwa wameshaiona filamu Jumapili. Mkubwa wao alimwinamia Luo, akauliza kupitia mkalimani moshi ule ulisimamishwaje hewani, tena kwa mstari ulionyooka namna ile, maana kwao wamejaribu na moshi hautii amri.

Bosi Tso alikohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni kazi ngumu," alisema Luo bila kupepesa. "Inahitaji watu wawili. Mmoja ahesabu, mwingine asihesabu kabisa."

Mkalimani alitafsiri, wageni wakaandika. Bosi Tso akatangaza palepale, mbele yao, kwamba kibanda kinabaki kibanda, na kwamba filamu ijayo anataka moshi uleule, na ukiwezekana uwe mkubwa zaidi.

Filamu hiyo tuliianza mwezi wa kumi. Nguruwe alikuwa mezani, kamera imefunikwa kitambaa chekundu, tumepanga mstari. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu na harufu ya karanga. Alikuwa Luo, ameshika vijiti vitatu, na kwapani ana lile kopo langu la maziwa.

"Fundi, umeanza kuomba?"

"Naomba nini? Nafanya majaribio ya moshi," alisema. "Tazama mbele."

Nikatazama mbele, lakini macho yangu ni yale yale, yanaona hata pembeni. Tulipoinama mara tatu, yeye aliinama chini kuliko sisi wote.