Kitufe cha Mama Breki

Ko.

Kisha kimya. Kisha tena: ko. Gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo, Mama Breki alikuwa macho, akisikiliza kisigino cha binti yake kikigonga ubao wa kitanda upande wa pili wa pazia. Hakuhitaji kuwasha taa ili ajue kulikoni. Mtoto alikuwa usingizini, anakanyaga klachi.

Kila msimu wa kupukuchua mahindi kazi ilikuwa ileile. Trekta lilikuwa la shemeji, kaka mkubwa wa mumewe. Nyuma yake ilitoka shafti ndefu iliyozunguka kwa kasi na kuendesha mashine ya kupukuchulia. Mume alisimama kwenye mdomo wa mashine akiilisha mahindi, shemeji alikinga punje, Mama Breki alishona magunia. Msimu uliopita mashine iliudaka mkono wa shati la mume. Bahati shati lilikuwa kuukuu, likachanika kabla mkono wenyewe haujafuata. Wote watatu walipiga kelele, na hakuna aliyemsikia mwenzake, na kiti cha trekta, kule mbele, kilikuwa kitupu.

Tangu siku ile shemeji akatoa amri: kiti kisikae kitupu tena. Watu wazima wote wana kazi, basi akapandishwa mtoto. Alikuwa na miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kugeuka nyuma na kutazama. Akiona mkono umepungwa, asimame kwa miguu yote miwili juu ya klachi ili shafti isimame. "Huyu ndiye breki yetu," shemeji alisema, na jina likaganda kama ulimbo. Mtoto akawa Breki. Mama yake, atake asitake, akawa Mama Breki. Watu wakacheka. Lakini siku za kupukuchua mtoto haendi shule, na usiku wake halali akatulia.

"Mama," alimwuliza jioni moja akioshwa vumbi la makapi masikioni, "je, nikipiga chafya wakati baba anavutwa?"

Mama Breki alimfuta sikio la pili. Kisha akaenda kulitafuta jibu.

Alikuwa anasoma umeme katika darasa la jioni, kwenye ukumbi wenye viti vya watoto vinavyobana magoti ya watu wazima. Kule walijifunza kuzima mota kwa kitufe chekundu: ukibonyeza, umeme unakatika, mota inasimama. Rahisi kama kumwaga maji. Akapata kitufe chake, akakifunga pembeni ya mashine, akavuta waya hadi kwenye swichi ya trekta. Siku ya kwanza ya msimu akawaita wote waje kuona. Akabonyeza.

Trekta likaendelea kunguruma. Akabonyeza tena. Likanguruma vilevile, tena kama lina furaha.

"Labda halijasikia, shemeji," alisema kaka mtu, mwenye trekta. "Libishie hodi!"

Wenye mahindi waliokuja na mikokoteni yao wakashika mbavu. Hata mumewe alicheka, kisha akauona uso wa mkewe, akakimeza kile kicheko kama kidonge. Juu ya kiti, Breki hakucheka. Aligeuka nyuma, akaendelea kutazama mikono ya baba yake.

"Injini ya dizeli ikishawaka, umeme inautakia nini?" mwalimu wa jioni alimwuliza alipomsimulia.

Mama Breki alifikiri. "Hakuna."

"Basi inataka nini?"

"Mafuta." Akajipiga kofi la paja. "Loo! Mimi nilikuwa namnyima maji mtu asiye na kiu."

Kwa hiyo kinachotakiwa kukatwa ni mafuta. Kwenye pampu kulikuwa na kijimkono cha chuma. Ukikivuta, mafuta yanafungwa na injini inazima. Sasa ni nani wa kukivuta? Siku mbili alipika huku akiwaza. Mlango wa jikoni kwake ulikuwa umefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili ujifunge wenyewe, mbuzi wasiingie. Ukitaka ukae wazi unaweka jiwe. Aliinama kuliondoa jiwe lile, mlango ukajibamiza nyuma yake, naye akabaki ameinama palepale, mkono umeshika jiwe, uji unafurika jikoni.

Mlango haukuwa ukingoja mtu aufunge. Ulikuwa ukingoja mtu aache kuuzuia.

Fundi wa majenereta alimpa sumaku ya umeme iliyong'olewa kwenye jenereta lililokufa. "Jenereta limekufa," alisema, "lakini sumaku yake nzima, kama mjane kijana." Springi ngumu Mama Breki akaitoa kwenye kiti cha baiskeli. Springi ikawa inakivuta kile kijimkono kiende kuzima, wakati wote, bila kuchoka. Sumaku, ikipata umeme wa betri, ikawa inakizuia. Kitufe, ambacho sasa kilikata umeme huo wa sumaku, akakihamisha: akamsimamisha mumewe kwenye mdomo wa mashine, akamwambia ajifanye mikono yote miwili imenaswa, akakifunga mahali ambapo goti lake lingekifikia.

"Unanipima kama fundi cherehani," mume alinong'ona.

"Nakupima ubaki mzima. Simama wima."

Shemeji alipoziona nyaya alitikisa kichwa. "Mchezo ule tena? Watu wana mahindi yao hapa."

"Kaka," mume alisema, "mkono ni wangu. Mwache ajaribu."

Shemeji akakuna kidevu. "Haya. Ila mtoto akae palepale kwenye kiti. Na hiki kitu kikishindwa leo, nisisikie habari ya kitufe mpaka mavuno yaishe. Breki wangu atakuwa yule yule."

"Nimekubali," Mama Breki alisema.

Trekta likawashwa. Shafti ikashika mzunguko, mashine ikaanza kutetemeka, punje zikaruka. Mama Breki alipotaka kumpa mumewe ishara, shemeji aliinua mkono. Alisogea mpaka sikioni kwake, akapaza sauti juu ya kelele:

"Na huu waya ukikatika, je? Mbuzi akiutafuna? Panya? Utabonyeza kitufe mpaka kidole kiote sugu, na ndugu yangu anakwenda na mashine!"

Lilikuwa swali zuri. Alilijua ni zuri, kwa sababu alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alikwenda kwenye kisanduku cha vifaa, akarudi na praisi, lile koleo la mafundi, akamwekea mkononi.

"Kata."

"Nini?"

"Waya. Kata, shemeji!"

Shemeji akamtazama. Akawatazama wenye mahindi, waliokuwa wamesogea wote. Akachuchumaa, akaushika waya, akakata.

Trekta likakohoa mara moja, likanyamaza. Shafti ikazunguka kwa uvivu, ikasita, ikasimama. Punje ya mwisho ikadunda kwenye turubai, na kila mtu akaisikia.

"Mtoto amekanyaga!" shemeji akaropoka.

Wote wakageuka. Breki alikuwa amekaa juu ya kiti, miguu ameikunja chini ya gauni lake kama mtu aliye mkekani. Akaonyesha viganja vyote viwili, vitupu.

Ndipo uwanja ulipolipuka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, mwenye mkokoteni akatupa kofia juu. Mama Breki aliuunga waya. Trekta likawashwa tena, na safari hii mume, mikono yote miwili ndani ya mahindi, akapiga kitufe kwa goti. Likazima. Akaomba liwashwe tena, akalizima tena, akicheka kama mtoto aliyepewa kengele, mpaka mwenye mahindi akauliza kama leo watapukuchua au watacheza.

Shemeji alibaki na praisi mkononi. "Shemeji," alisema hatimaye, "mimi nimekata waya nikuaibishe."

"Najua."

"Na wewe ukanipa praisi yako mwenyewe." Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili wote. "Huyu mwanamke! Huyu mwanamke mtamweza?" Akaigeukia mashine, akakigusa kile kitufe kwa ncha ya kidole, kwa adabu. Halafu akatazama juu kwenye kiti cha trekta, na kicheko kikampungua. "Pale juu," alisema taratibu, "hapatakiwi mtu tena."

Mama Breki alikwenda hadi kwenye gurudumu kubwa, akainua mikono kumpokea. Lakini mtoto alikwishasimama. Alijishika kwenye usukani, akatafuta kikanyagio cha kushukia kwa unyayo.

"Mama, nashuka mwenyewe," alisema.