Msomaji wa Matangazo ya Ndoa

Kila Jumapili, misa ya pili ikikaribia kwisha, mimi ndiye ninayesoma matangazo katika parokia yetu ya Naviundu. Nina sauti inayofika hadi kwa wanaosimama mlangoni, na sikosei majina ya watu. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara namalizia kwa kumtaka yeyote anayejua kizuizi aseme.

Jumapili ya kwanza ya Juni nilisoma kwamba Stanislas Mulenga wa parokia yetu anataka kumwoa Keren Kunda wa Mokambo. Stanislas Mulenga ni mchumba wangu. Tulikuwa pamoja miaka mitano, na miwili ya mwisho alifanya biashara ya unga huko Mokambo, mpakani, akirudi mwisho wa mwezi na nguo za kufua. Nikamaliza kusoma, nikaketi.

Sikushtuka. Huku kwetu watoto hupewa majina ya nkambo, yaani babu zao, kwa hiyo ukiita Mulenga sokoni wanageuka wanne. Na watu wanaoshtuka ovyo siwapendi. Alasiri nikampigia simu.

"Stan, kuna majina yako anaoa kule Mokambo," nikamwambia. Majina ndivyo tunavyomwita mtu mwenye jina kama lako.

Yeye si mtu wa misa. Nadhani hakujua kwamba tangazo husomwa katika parokia zote mbili.

"Ah, ule," akasema. "Iko cousin. Bote banatupatiaka jina ya nkambo."

"Njo vile nilikuwa nafikiri."

"Weye uko na akili, chérie."

Jibu nilimpa mimi mwenyewe, tena limeshatafunwa. Yeye alimeza tu. Lakini siku ile nilifurahi, nikafua hadi mashati yake aliyoniachia.

Tatizo lilikuwa watu. Walinitazama kwa huruma, na huruma inanikasirisha kuliko matusi. Jumanne nikaenda kwa Papa Gérard, katibu wa parokia, nikamwomba aongeze majina ya wazazi katika tangazo, ili watu waache kumchanganya Stan wangu na binamu yake.

"Mama Wivine, uko sûre?" Wivine ni mimi; Mama ni heshima tu.

"Ongeza, Papa."

Akaongeza. Jumapili ya pili nikasoma kwa sauti ileile: Stanislas Mulenga, mtoto wa marehemu David Mulenga na Mama Joséphine Chola. Mama Chola namjua. Miaka mitano nimeosha vyungu vyake kila sikukuu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Macho ninayo, na miwani juu yake. Nilijiuliza kama mama mmoja anaweza kuzaa Stanislas wawili, wote hai. Nilijiuliza hadi Jumatano.

Alhamisi nikarudi kwa Papa Gérard kuandikisha kizuizi. Akafungua daftari.

"Alileta kintu kwa bazazi bako? Hata pré-dot?" Aliuliza kuhusu kishika uchumba, kile kinachotangulia mahari.

"Hapana."

"Muko na mutoto?"

"Hapana."

"Aliahidi mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Alifunga daftari polepole, kwa adabu. "Ile haina kizuizi, Mama. Dimanche ya tatu tutatia mwengine asome."

"Njo miye nasomaka, Papa," nikamwambia.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Nilisoma jina lake, la baba yake, la mama yake, la Keren Kunda, na sikukosea hata moja. Niliumia, lakini sauti ilifika hadi kwa waliosimama mlangoni. Kisha nikasema anayejua kizuizi aseme, nikanyamaza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Nilinyamaza zaidi ya kawaida. Mle ndani walikuwamo waliotuona tukienda pamoja miaka yote mitano, walioniita shemeji na mke wa Stan bila kuombwa. Mama Chola mwenyewe aliketi safu ya tatu, akitafuta kitu katika mkoba wake. Sikutaka tena ndoa ivunjwe. Nilitaka mtu mmoja tu asimame aseme kwamba nami nilikuwapo. Mama Chola alipekua mkoba mzima, hakunyanyua uso. Nikageuza karatasi, nikasoma siku ya mazoezi ya kwaya.