Mguu wa Kulia

Walimfunga dereva kwenye kiti kama mzigo wa safari ndefu: mkanda kifuani, mkanda kiunoni, mkanda juu ya paja. Muundi wake waliufungia kwenye mkono wa chuma uliounganishwa na mota. Mpimaji wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya kufika getini, akamnyoa viraka vya nywele pajani, akavisugua kwa spiriti, akabandika vibandiko vyenye nyaya.

"Usiogope shoti, baba. Hizi nyaya hazileti umeme, zinausikiliza wa kwako."

"Kwani na mimi nina umeme?"

"Kila nyama inayofanya kazi ina umeme. Mkeo hajakuambia?"

Mkewe alikuwa kwenye benchi ukutani, mkoba umelala mapajani. Hakucheka. "Umeme wake naujua. Siku hizi nalala ukingoni. Akisinzia tu, mguu wa kulia unapiga teke ubao wa kitanda."

Pia ya goti la mguu huo ilipasuka miezi kumi iliyopita, aliporuka kutoka kwenye lori. Bosi alishasema: mguu ukifikia nguvu ya mwenzake, arudi kwenye usukani, usipofikia, atafute kazi nyingine. Nyumbani wote walikuwa wanaomba ufikie. Dereva alikuwa anaomba ushindwe, na hilo hakumwambia mtu.

Aliruka kwa sababu ya Kipenga. Kipenga alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na utingo wake kwa miaka kumi na mmoja. Jina alipewa kwa ajili ya sauti. Siku ile alisimama nyuma ya lori akimwongoza kurudi nyuma kuelekea ukuta wa ghala. "Njoo, njoo, njoo." Halafu: "Simama!" Lori halikusimama, likambana Kipenga ukutani. Dereva aliwaambia polisi, bosi na wazee msibani: nilikanyaga breki, haikushika. Mafundi walifungua breki wasione kitu, lakini lori lilikuwa kuukuu, maneno yakaishia hapo.

"Tunaanza na mguu wa kushoto," alisema mpimaji. "Nikisema sukuma, nyoosha goti kwa nguvu zako zote. Nikisema simama, legeza papo hapo."

Aliposikia neno simama, dereva alishika kingo za kiti. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa mtiifu. Sukuma, mistari ikapanda kwenye skrini kama nyasi ndefu. Simama, ikalala.

Wakahamia kulia.

"Sukuma! Sukuma, baba, usinibanie! Simama!"

Mistari haikulala. Iliruka juu kuliko mwanzo, na mkono wa chuma ukalia.

"Nimesema simama."

"Nimelegeza," alisema dereva. Kwa upande wake, alikuwa amelegeza kweli.

Mpimaji alikagua nyaya, akabadilisha kibandiko kimoja, akampumzisha dakika mbili. Wakarudia. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu hakusema sukuma kabisa. Alimwacha ametulia, mistari imelala chini, kisha akaita ghafla: "Simama!" Paja likakaza kama jiwe.

"Sijaona hii," alisema, na akacheka kidogo. "Mguu wa dereva! Ukisikia simama, unakanyaga. Nguvu imefikia ya mwenzake, tena imezidi. Hongera, baba."

Mkewe aliinuka, akaja karibu na skrini.

"Dada, naomba kuuliza. Hiyo mashine inaonyesha amekanyaga nini?"

"Inaonyesha nyama imekaza na goti limesukuma. Unyayo ulikuwa juu ya nini, haijui."

"Haya," alisema mkewe. "Mwenyewe anajua."

Mpimaji aliwatazama wote wawili, akapunguza kicheko, akaanza kubandua nyaya.

Dereva alitazama goti lake. "Mafuta," alisema. "Nilikanyaga mafuta, mama watoto. Nilisikia simama, nikakanyaga kwa nguvu zote, na ilikuwa mafuta, si breki."

"Najua. Siku ile nilikuwa kwenye geti la ghala na chakula chenu. Nilisikia injini ikinguruma."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uniambie wewe. Miezi kumi nalala na huo mguu, unaniambia kila usiku. Wewe kimya."

Dereva alimgeukia mpimaji. "Andika siwezi. Tafadhali."

"Siandiki uongo, baba. Mguu ni mzima. Kama hutaki usukani, mwambie bosi wako kwa mdomo wako."

"Nitamwambia," alisema. "Na wazee nitawaambia."

Mikanda ilifunguliwa. Alibaki kitini, miguu inaning'inia, bila waya hata mmoja. Nyuma ya pazia, kwenye chumba cha mazoezi, mtu alikuwa anamfundisha mgonjwa kutembea. "Njoo, njoo, njoo," alisema mtu huyo. "Simama!"

Paja la dereva liliruka.

Mkewe aliweka kiganja juu yake, akakandamiza kama anayezuia mfuniko wa sufuria inayochemka. Chini ya kiganja nyama ilikuwa inasukuma.

"Kaka anakuita," alisema. "Mjibu."

"Nimekusikia, Kipenga," alisema dereva. "Nimekusikia, shemeji."

Mguu uliendelea kukanyaga.