Visigino Viwili, Kisha Kushoto

"Neno nikikufundisha mimi, hutalisahau mpaka unaingia kaburini," Mwalimu Visigino alikuwa akijigamba kila apatapo mwanafunzi mpya. Kisha hapohapo anaongeza: "Ila nikilisahau mimi kwanza, usinidai. Asubuhi hii nimemwita mume wangu kwa jina la paka, na aliyeitika ni paka."

Ujanani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Sasa magoti yalikuwa yameanza kumjibu kwa ufidhuli, lakini kufundisha akiwa ameketi, hilo hakuliweza. Wageni aliwafundisha lugha kwa miguu: neno na wimbo wake, wimbo na hatua zake, na debe tupu ndiyo ngoma. Chumba chenyewe kilikuwa cha sakafu ya mbao, juu kabisa ya ofisi ya msimamizi wa jengo.

Siku hiyo msimamizi alipanda ngazi, uso ameukunja kama shati lililolaliwa.

"Mwalimu, leo naomba ufunguo. Chai yangu inacheza kikombeni mpaka inamwagika. Darasa gani hili? Watu hujifunza wameketi!"

"Umewahi kuliona, baba?"

"Mimi? Sijawahi hata kuchungulia. Nina kazi zangu."

Chumba kingine Mwalimu hakuwa nacho. Na Bibi Mgeni, aliyehamia kwa mwanawe, alikuwa amebakiza kidogo tu aweze kuzungumza na wajukuu wasioijua lugha yake.

"Basi tumalize zoezi hili moja, ndipo nikupe," akasema kwa sauti yake ya jukwaani.

Zoezi lilikuwa la kuelekezana njia. Mwanafunzi mmoja, fundi bomba, kifua mbele, ndiye askari. Bibi Mgeni ndiye aliyepotea. Debe likalia.

"Nyoosha, nyoosha, kata kushotooo!" fundi bomba akaimba.

Bibi Mgeni akanyoosha vizuri kabisa, akakata kulia, wakagongana puu!

"Samahani, askari mnene," akasema. Darasa zima likaangua kicheko.

"Siyo hivyo, jamani!" Msimamizi alikuwa keshaingia katikati ya chumba. "Visigino viwili kwanza, ta-ta! Mkono juu! Ndipo unakata kushoto!" Akapiga ta-ta yake safi, akainua mkono, akakata kushoto, tumbo likamfuata baadaye kidogo.

Hivyo visigino viwili Mwalimu alikuwa amevibuni juzi tu.

Msimamizi akakohoa. "Ufunguo... hebu kaa nao. Lakini msije mkadhani nilichungulia. Huwa niko zangu chini, navisikia visigino."

Bibi Mgeni, ambaye tangu aanze darasa hakuwahi kuunga maneno zaidi ya matatu, akautazama mkono wa msimamizi, uliokuwa bado juu hewani.

"Na mkono, mwanangu? Mkono nao uliusikia kutoka huko chini?"